Vijana wangu wa mitishamba, ile pakiti ya iboga ninayo mimi

Wanangu, wajukuu zangu, asalaam alaykum, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu vilevile. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu kwahiyo mtavumilia, nikikosea herufi malizieni wenyewe.

Juzi mjukuu wangu, ambae ni mwenzenu, kaja na pakiti ya nailoni, ndani kuna unga wa rangi ya udongo kama mdalasini uliokaa sana dukani. Ananambia babu hii ndo iboga yenyewe, ule mzizi wanaosema unamtoa mtu kwenye heroini, imetoka Gaboni, tumechanga, tunataka tuanze na mateja watatu wa hapa mtaani afu tuone. Nikamuuliza jani lake umeliona? Hapana. Ua? Hapana. Aliyeuchimba unamjua? Akacheka. Mimi sikucheka, pakiti nimeitia kabatini na funguo ninayo mfukoni, na kabla hamjaja kunifokea naomba msome hii barua mpaka chini.

Wengi mnanijua kama mzee wa miti basi, ila kazi iliyonilisha miaka mingi ilikuwa kubeba presi. Presi ni fremu mbili za mbao, unalaza tawi katikati ya magazeti, unakaza mikanda, unakausha, unabadilisha magazeti, unakaza tena. Nimezunguka na wataalamu wa mimea kuanzia Amani mpaka huko Usambara juu, na kila tawi lilikuwa linaandikiwa kikaratasi chake: limetoka wapi, mwinuko mita ngapi, tarehe, ua lilikuwa rangi gani kabla halijanyauka, wenyeji wanauitaje huo mti na nani kasema. Tawi lisilo na kikaratasi mkuu wetu alikuwa analitupa nje hata liwe zuri vipi, anasema hilo sasa ni chakula cha mbuzi. Nilikuwa naona anaringa. Baadae nikaja kuelewa, mti ukishasagwa umeshapoteza jina, hapo umebaki kumwamini muuzaji tu, na muuzaji nae kamwamini aliyemuuzia.

Na wala sio lazima mtu awe tapeli. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu walikula uji wa unga wa msaada, unga uliopita kwenye mikono ya watu wenye maofisi na maabara, wakaanza kuchanganyikiwa na kuweweseka, watu 5 wakafa na mamia wakaugua. Ulipopimwa ikaonekana una sumu ya jamii ileile iliyomo kwenye mnanaha. Huo ulikuwa chakula cha watoto na kina mama, umepimwa. Sasa wa kwenye nailoni yenu kapima nani?

Mnanaha nimeutaja makusudi kwasababu nimesikia kuna wenzenu wawili wanasema iboga ikishindikana si tuna wa kwetu huu, unaota hadi kwenye majalala. (Na kwa wale wa mjini, mnanaha sio mnanaa, mnanaa ndo ule wa chai. Wengine huu mnauita mranaha. Una ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba la kijani, likikauka linapasuka lenyewe.) Bibi yangu alikuwa na pumu, ikimkaba anavuta majani yake makavu kidogo na kweli kifua kilikuwa kinafunguka, siku hizo hakuna inhela. Lakini mbegu alikuwa hatuachii hata tushike.

Nikashika. Nilikuwa na miaka 19, tulikuwa watatu, tumesikia kwa wakubwa kwamba zinakuonesha mambo. Sitasema tulikula kiasi gani wala tuliandaaje, nawajua mnavyosoma. Kitu cha kwanza ni mdomo, sio kiu, ni kukauka kama umelamba jivu, mate hakuna na kumeza hakuna. Afu macho, nilikuwa nimeshika kibiriti nikawa siwezi kusoma maandishi ya juu yake. Kuanzia hapo nawaeleza nilichokuja kuelezwa, mwenyewe sikumbuki. Wanasema nilikaa ukutani usiku kucha nachomoa nyuzi kwenye udongo wa ukuta, nazikunja vizuri naziweka mfukoni, nyuzi hakuna. Nilikuwa navuta sigara, sigara haipo, ila majivu nakung'uta. Mjomba wangu alikuwa Dodoma mwaka ule, mimi nikamkaribisha chai nikamuuliza habari za safari na nikamsubiri ajibu. Mwili wa moto kama chungu na hata tone la jasho hakuna. Mwenzetu mmoja alitoka nje akasimama juu ya makaa ya jiko la jirani anaongea na watu, hajui kama anaungua, mpaka leo anachechemea na akiniona kwenye misiba huwa tunatazamana tu. Hospitali mkojo ulikataa kutoka wakaniwekea mpira. Nesi alishaandika malaria imepanda kichwani, hadi mama wa mwenzangu alipofika na lile tunda la miiba limefungwa kwenye kanga ndo daktari akashtuka. Wiki nzima nilikuwa sioni cha karibu, nashindwa hata kutia uzi kwenye sindano.

Na sikujifunza kitu. Hili ndo nataka mlishike. Waliokula iboga kule kwao wakikusimulia, mtu anajua kabisa kwamba alikuwa anaoneshwa, kakaa chini, kamwona marehemu babu yake, anajua babu ni marehemu, anarudi na maneno ya kusema. Mimi yule mjomba nilimwamini kama ninavyoiamini hii simu mkononi. Huko sio kuoteshwa, ni kuweweseka, na nyie mnaviweka kapu moja mnaviita dawa za kusafiri.

Halafu kuna jambo linaniudhi kidogo, mnaongea kana kwamba sisi wa pwani hatuna njia yetu mpaka tuletewe unga wa kutoka mbali. Mama yangu mdogo alikuwa na pepo, nimehudhuria ngoma zake tangu mdogo nashikilia mkono wa mama. Pale hapaliwi mbegu wala mzizi wa kupandisha. Kuna ubani, kuna udi, marashi, ngoma, na wimbo, kila pepo na wimbo wake, ukipigwa wimbo sio wake yule kiti, yaani mwenye pepo, anakaa tu anawatazama, ukipigwa wenyewe utaona mabega yanaanza. Mama mdogo alikuwa anapanda anaongea kwa sauti ambayo sio yake, anadai vyake, anagombana na watu, na alfajiri anaamka anauliza nani kamaliza halua. Hakumeza kitu. Kilichompeleka ni ile ngoma na yule fundi aliyekaa kilingeni miaka na miaka na wale wanawake thelathini wanaojua lini waitikie. Wengine dini zenu hazikubali mambo haya na siwagombezi, mimi mwenyewe siku hizi siendi. Nasema tu kwamba niliyaona.

Sasa twende Gaboni. Iboga ni kichaka, sio jiti la kutisha, kina matunda ya njano hivi na dawa yake iko kwenye ganda la mzizi. Wenye nao ni Wamitsogo, Waapindji na wengineo, na wenyewe wanasema walifundishwa na watu wa msituni tunaowaita Mbilikimo, Wafang walikuja kuuchukua baadae. Dini yake inaitwa Bwiti. Wamisionari waliipiga vita sana lakini haikufa. Mtu akitaka kuingia haendi peke yake, anapewa baba na mama wa kumlea mle ndani, anaungama mambo yake kwanza, anaogeshwa mtoni, anapakwa chokaa, afu ndo analishwa lile ganda, chungu kupita shubiri, mdomo unakufa ganzi, anatapika, anaendelea. Usiku kucha, wakati mwingine siku tatu, kinubi chao cha nyuzi nane kinaitwa ngombi kinapigwa hakinyamazi, na kuna mtu kazi yake ni kumkodolea macho mgeni tu, anavyopumua, anavyojibu akiitwa jina. Yaani ukitoa mzizi pale bado kuna kitu kizima kimebaki, ukitoa watu umebaki na sumu chungu. Nyie mmenunua ule mzizi peke yake, tena uliosagwa.

Najua mtanijibu babu sisi hatutafuti maono, sisi tunataka kuwatoa vijana kwenye unga, yaani heroini. Na hapo ndo naandika kwa upole, kwasababu mnaowataja nawajua, mmoja nilimfundisha kuogelea. Na wazo hilo hamjalitoa hewani. Wafaransa waliitoa ibogaini, ndo ile kemikali yenye nguvu, kwenye mzizi ule mwaka 1901, wakaja kuuza hadi vidonge vya kuondoa uchovu, vinaitwa Lambarène. Mwaka 1962 kijana wa New York, Howard Lotsof, alikuwa anatumia heroini, akaila ibogaini kwa kutafuta stimu tu yeye na wenzake, ilipokwisha akashangaa arosto, yale mateso ya kukosa unga, haipo na hamu haipo, akaipigania maisha yake yote. Na juzi juzi tu, mwaka 2024, chuo cha Stanford kimetoa matokeo ya wanajeshi wastaafu 30 wa Marekani waliopewa ibogaini huko Mexico, wengi walipata nafuu kubwa ya msongo na mawazo. Kwahiyo dawa ipo, mimi sibishi.

Ila someni na upande wa pili wa hiyohiyo habari. Wale 30 walipimwa moyo kwanza, wakawekewa magnesiamu ya kulinda moyo, wakalazwa na mashine inahesabu mapigo. Kwanini? Kwasababu ibogaini inauchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, na moyo ukichelewa hivo unaweza kuanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Watafiti walikusanya vifo 19 vilivyotokea nje ya kule Afrika ya Kati upande wa magharibi, kuanzia 1990 mpaka 2008, watu waliofariki ndani ya saa 76 tangu wameze. Wengine walikuwa na ugonjwa wa moyo hawajui, wengine walichanganya na dawa nyingine.

Na hapa kwetu sasa. Methadoni, ile dawa ya kunywa ya kumtoa mtu kwenye heroini, ipo, Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011 na siku hizi imeenea. Kati ya wale watatu wenu, wawili nawaona kila asubuhi wanapanda daladala kwenda kunywa kikombe chao. Methadoni nayo inauchelewesha moyo vilevile! Ukimpa mtu methadoni asubuhi na iboga usiku umemwekea mizigo miwili begani kwa njia moja. Mmewauliza? Mmewapima moyo? Teja aliyekaa miaka kumi mtaani, analala na njaa, anatapika, anaharisha, chumvi za mwili zimekwisha, huyo ndo mnataka kumfungia kwenye chumba cha nyuma kwa saa thelathini na godoro na spika ya blutuuthi? Akizimika saa nane usiku nani anampigia mama yake, mimi au nyie?

Lingine ni la haki, na hili naliona mnalipita juu juu. Gaboni waliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na kuitoa nje ya nchi kunataka kibali, pamoja na wanakijiji wapate chao kwa utaratibu wa Itifaki ya Nagoya, yale makubaliano ya mataifa ya kugawana faida ya mimea na wenye nayo. Bila hivo watu wanaingia msituni usiku wanang'oa mizizi, kichaka kinakufa, na mwenye dini yake anabaki anatembea siku mbili kutafuta kimoja. Ile pakiti yenu haina karatasi hata moja. Mnakumbuka mlivyokasirika mlipoona wageni wanauza mlonge wetu kwenye chupa za bei mbaya? Haya.

Hata wenye nia nzuri wameharibu. Kule Huautla, Mexico, kulikuwa na mama mganga wa Kimazateki anaitwa María Sabina, mwaka 1955 alimkaribisha mgeni, mtu wa benki kutoka New York, kwenye mkesha wa uyoga mtakatifu. Jamaa kaenda kaandika kwenye jarida la Life mwaka 1957, jina la mama kalibadilisha, haikusaidia kitu. Wageni wakamiminika wanataka stimu, polisi wakaja, majirani wakamgeuka, nyumba yake ikachomwa moto. Aliishi mpaka 1985 na alikufa maskini.

Mnaniuliza basi tufanye nini maana babu kazi yako kukataza. Wale watatu, wawili wasikose kikombe chao hata siku moja, na yule wa tatu mimi nitampeleka mwenyewe wiki ijayo, nauli nachangia. Kuna siku wanaruka kwasababu ya nauli tu ya daladala, mlichochangia kwenye pakiti kingewasafirisha mwezi. Na kama kweli mnataka kuijua miti basi presi yangu ipo, mikanda tu imeliwa na panya. Kuna bibi mmoja kule milimani juu ya Muheza ana majina ya miti ambayo sijayakuta kwenye kitabu chochote, macho yameanza kufifia, mti anautambua kwa kuukwangua gome na kunusa. Twende watatu wanne, na daftari, na sukari na majani ya chai msisahau, na tusimuulize ipi inalewesha, mtamvunjia heshima.

Kuhusu pakiti, sitaitupa chooni, wala sirudishi kwa mtu. Nataka tuipeleke kwa mkemia tujue ni kitu gani, gharama tutagawana.

Na yule kijana wa bodaboda anaekaa jirani na madrasa, nyuma ya choo cha pale umeota mnanaha, nimeuona jana, matunda yameshapasuka na watoto wanarushiana yale ya miiba. Uung'oe leo leo na mizizi yake, vaa glavu, usijishike machoni, na zile mbegu zilizomwagika chini zifagie usiache hata moja.

Babu yenu, Tanga