Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Kumhudumia Kila Mzee kwa Jinsi Alivyo

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu hapa Tanga kwa mwaka unaomalizika. Mambo ya uongozi nitayapitia kwa ufupi, kwani mihtasari ya vikao mnayo na hesabu zitasomwa na Mweka Hazina. Sehemu kubwa ya taarifa nimeitenga kwa mafunzo ya wahudumu wa wazee, kwa sababu ndiko tulikoelekeza nguvu zetu, na kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba mabadiliko tuliyoyafanya huko yana thamani kuliko kazi nyingine yoyote tuliyoifanya tangu niliposhika nafasi hii.

Mtakumbuka kwamba zamani mafunzo yetu yalihusu kazi: namna ya kumwogesha mzee, kumlisha, kumgeuza kitandani na kumpa dawa kwa saa yake. Kazi hizo ni za lazima na bado tunazifundisha. Hata hivyo tulikuwa tukimpa mhudumu utaratibu mmoja, naye anakwenda nao nyumba ya Makorora, ya Chumbageni na ya Duga kana kwamba wazee wote wamezaliwa siku moja na mama mmoja. Mkutano mkuu uliopita uliagiza kwamba mafunzo yaanze na mzee mwenyewe, yaani alivyoishi, anavyopenda, anachoweza kukifanya na anachotaka kukiamua. Agizo hilo tumelitekeleza.

Inafaa nieleze ni nani tunaowafundisha. Nchini kwetu mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo yake, huku makazi ya wazee yakiwa kimbilio la asiye na mtu. Makazi hayo tunayo hapa jijini, pale Mwanzange, lakini wazee walio wengi wako majumbani. Wanatunzwa na binti aliyerudi kwa baba yake, na mkaza mwana, na mjukuu aliyemaliza shule hivi karibuni, au na mfanyakazi wa nyumbani aliyeajiriwa kupika na kufua, kisha siku bibi alipopata kiharusi akakabidhiwa kumtunza bibi pia bila kuelekezwa lolote. Huyu wa mwisho ndiye anayenishughulisha zaidi, kwa kuwa mzigo wake ni mkubwa na sauti yake ndani ya nyumba ni ndogo. Makundi hayo yote yalikuwa na wawakilishi darasani mwaka huu, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa na Serikali mwaka 2024.

Somo la kwanza sasa halifanyiki darasani. Mwanafunzi hupelekwa kwa mzee aliyekubali kupokea mgeni, humwamkia, hukaa naye, na katika ziara mbili za mwanzo haruhusiwi kumfanyia kazi yoyote. Anasikiliza, anauliza, kisha anaandika katika daftari la kawaida la shule, ambalo tumezoea kuliita daftari la mzee. Anaandika jina ambalo mzee anapenda kuitwa, kwa kuwa yuko anayetaka kuitwa Babu na yuko anayetaka kubaki Mwalimu au Fundi kama alivyoitwa miaka yote. Anaandika kazi aliyoifanya ujanani, saa anazoamka na kulala, anavyoswali au kusali, nani anaruhusiwa kumwogesha, chakula gani hakigusi, na kazi gani za nyumbani bado anaziweza. Maswali ya ugonjwa huja mwisho, na hilo tumelisisitiza kwa makusudi, kwa sababu mhudumu akianza na ugonjwa, kila atakachokiona baadaye atakitafsiri kuwa ni ugonjwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida yake. Mmoja wa wazee tunaowahudumia alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, anatafuta viatu na kugongagonga mlango, hadi jamaa zake wakafikiria kumwombea dawa za usingizi, dawa ambazo kwa mtu wa umri wake huongeza hatari ya kuanguka. Daftari lilionyesha kwamba alikuwa mkata mkonge tangu ujana, na mkata mkonge hutoka nyumbani gizani ili jua kali limkute amekwisha kazi yake. Mzee alikuwa akiwahi kazini. Mhudumu aliafikiana na familia kwamba taa ya barazani iachwe ikiwaka, uji uwekwe kwenye chupa ya chai tangu usiku, na mzee apatiwe nyuzi za mkonge za kusokota kamba. Anaamka saa ileile mpaka leo, lakini nyumba imetulia na habari ya dawa za usingizi imekwisha.

Mkonge huo, uliofika pwani hii mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, una jambo jingine la kutufundisha. Mashamba yaliwaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na baadhi ya waliobaki au watoto wao ndio wazee wetu wa leo. Mtu anapopata ugonjwa wa kusahau, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani humtoka mapema, na ile ya utotoni hubaki. Mzee aliyezungumza Kiswahili safi kwa miaka hamsini anaweza kuanza kuomba maji kwa Kiha au Kimakonde, na mhudumu asiyejua asili yake akadhani anaweweseka. Kwa hiyo kila daftari lina lugha ya kwanza ya mzee, na chini yake maneno machache yaliyotolewa na ndugu zake: maji, njaa, maumivu, choo, baridi. Vivyo hivyo kwa Wasambaa, Wabondei, Wazigua na Wadigo, ambao hatukupaswa kudhani kwamba tunawajua kwa sababu tu tunaishi nao.

Katika kikao kimoja cha kamati baadhi ya wenzetu walisema kwamba sisi watu wa pwani tumelelewa kumheshimu mzee, na kwamba heshima hiyo inatosha bila madaftari. Hoja yao ninaithamini, kwani bila heshima hakuna mafunzo yatakayosaidia. Msimamo wangu, ambao kamati iliukubali baada ya mjadala mrefu, ni kwamba iko heshima inayomkalisha mzee kitini na kumtendea kila kitu, na heshima hiyo inamnyang'anya nguvu na kauli kwa pamoja. Misuli ya mzee isiyotumika hupungua upesi, na siku chache tu za kulala kitandani zinaweza kumwondolea uwezo wa kwenda chooni mwenyewe. Mama anayeweza kuchambua mchele apewe ungo achambue, hata kama binti angemaliza haraka zaidi. Baba anayefunga vifungo vya shati kwa dakika kumi asaidiwe kwa kusubiriwa. Wakufunzi wetu wanasema hilo ndilo somo gumu kuliko yote, kwa kuwa mwanafunzi mwenye huruma hutaka kutenda, na kungoja kunampa hisia kwamba amezembea.

Kumsikiliza mzee hakuna maana ya kumwachia kila anachokikataa. Bibi mmoja alikuwa akikataa vidonge vya presha baadhi ya siku, naye akahesabiwa kuwa mkaidi. Alipoulizwa kwa utulivu, alieleza kwamba kidonge kimoja humpeleka haja ndogo mara kwa mara, na siku ya shughuli au maziko hawezi kukaa na watu. Familia ilikwenda naye kliniki, na mtoa dawa akampangia saa nyingine ya kukimeza. Daftari sasa lina ukurasa wa kila kitu kilichokataliwa na sababu iliyotolewa na mzee kwa maneno yake, na kama mwanafunzi hakuandika sababu, mkufunzi humrudisha akaulize.

Stadi za mikono zimefundishwa kwa nguvu ileile, ila sasa zinapimwa kwa mwili wa mtu mmoja aliyeko mbele ya mwanafunzi. Mzee aliyepooza upande mmoja huvalishwa kwa kuanza na mkono dhaifu, na huvuliwa kwa kuanza na ule wenye nguvu. Bakora hushikwa upande wa mguu mzima. Anayepaliwa hulishwa akiwa ameketi wima, kwa matonge madogo, na haachwi alale mara tu baada ya kula. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila saa mbili, na ngozi juu ya mifupa ya nyonga, visigino na mgongo wa chini hukaguliwa kila siku kabla vidonda vya kulalia havijaanza. Choo cha kuchuchumaa, ambacho nyumba nyingi za Ngamiani bado zinacho, kimetatuliwa na mafundi wa mtaani kwa kiti cha plastiki kilichokatwa tundu na kuimarishwa miguu, na kwa ubao wa kushikilia ukutani. Kifaa hicho hakina gharama kubwa, na ningependa kila mwanachama ajue fundi wa karibu naye.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu huduma jumuishi kwa wazee unataja uwezo wa aina sita wa kufuatiliwa: kumbukumbu, mwendo, lishe, kuona, kusikia na hali ya hisia, hasa huzuni. Tumechukua vipimo vyake vyepesi. Mzee, akiwa salama kufanya hivyo, huombwa kuinuka kitini mara tano bila kutumia mikono, na akizidisha sekunde 14 inakuwa ishara ya kumwangalia zaidi. Aliyepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia huulizwa habari za chakula, meno na huzuni. Hatuvitumii vipimo hivi kumlinganisha mzee na jirani yake. Tunamlinganisha na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita, na ndiyo maana tarehe lazima iandikwe.

Kuhusu ugonjwa wa kusahau, wakufunzi wamefuata mawazo ya Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, aliyeonyesha kwamba hali ya mgonjwa haitokani na ubongo peke yake, bali pia na jinsi walio karibu wanavyomtendea: kumkatiza, kumsema akiwepo kana kwamba hayupo, kumharakisha. Wakati huohuo tumewafundisha wahudumu kutofautisha usahaulifu unaokuja polepole na kuchanganyikiwa kunakozuka kwa siku moja au mbili. Kule kwa ghafla huweza kusababishwa na maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji, sukari kushuka au dawa mpya, na mzee apelekwe kituo cha afya au hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Joto letu la kipindi cha kaskazi nalo lisisahaulike, kwani hisia ya kiu hupungua uzeeni na mzee anaweza kukaukiwa maji bila kuomba hata kikombe.

Jambo la Ramadhani lilihitaji uangalifu wa pekee. Wazee kadhaa wenye kisukari walitaka kufunga, na wahudumu walikuwa wakiwaficha jamaa au kuwagombeza wazee. Tulikubaliana kwamba mhudumu haamui. Mapema, mwezi haujaandama, anakaa na mzee, jamaa na muuguzi kuangalia dawa na saa zake, na mzee anayetaka humwuliza shekhe wake habari ya ruhusa na fidia kwa asiyeweza. Wako waliofunga kwa mpango wa daktari, wako waliotoa fidia, na kila mmoja aliamua akiwa anajua hali yake.

Upungufu tulio nao ni mkubwa, nami siupunguzi. Wahudumu wa kiume ni wachache mno, na wazee wa kiume wanaona haya kuogeshwa na wasichana wenye umri wa wajukuu zao, hata wengine wakakaa bila kuoga. Malipo ni madogo na mikataba ya maandishi ni adimu. Mwanafunzi anayehitimu vizuri huondoka mara anapopata kibarua chenye ujira zaidi, na mzee anaanza upya na mgeni. Daftari humsaidia mgeni huyo, lakini haliwezi kuziba pengo la mtu aliyezoeleka. Kamati inapendekeza kwamba chama kisimpeleke mhitimu kwenye nyumba yoyote kabla ya familia kutia saini makubaliano ya ujira, siku ya mapumziko na saa za kulala. Najua pendekezo hili litapunguza idadi ya nyumba tunazozifikia, na bado naliunga mkono.

Kwa mwaka ujao tunakusudia kumtembelea kila mhitimu nyumbani anakohudumu na kulisoma daftari pamoja naye na mzee, kuanza kundi la wanaume, na kupeleka mafunzo Muheza na Pangani iwapo mkutano utaidhinisha. Mabaraza ya wazee ya mitaa yameombwa yateue wazee watakaokaa na wakufunzi wakati wa kuwapima wanafunzi, kwa kuwa aliyehudumiwa ndiye anayejua mkono uliomshika vizuri.

Wanachama walio tayari kupokea wanafunzi majumbani kwao, na wenye vijana wa kiume wanaofaa kwa kundi jipya, wawasilishe majina kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu, pamoja na maoni yao ya maandishi juu ya pendekezo la makubaliano ya ujira, ambalo litapigiwa kura mara baada ya hesabu kusomwa.

Mwenyekiti,
Tanga