Waanzie Palipokuwa na Beit al-Hukm

Mji wa Kale, Mombasa

Somo yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nasi hapa hatujambo, wazee wanakusalimu sana. Nimefurahi kusikia kwamba unawapeleka wanafunzi wako Unguja. Umeniuliza uwaanzie wapi huko Mji Mkongwe. Kama ni mimi, ningewaanzia kwenye jumba lisilokuwepo.

Mkisimama Forodhani mkaipa bahari mgongo, mtaiona Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, au tuseme iliyosalia, maana upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Kushoto kwenu kuna jumba jeupe la makumbusho, ambalo masultani walikaa mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Wageni hutazama huku wakatazama kule, wala hawaulizi katikati palikuwa na nini. Palikuwa na Beit al-Hukm.

Watu wakiitaja siku lilipopotea jumba hilo, huitaja kama swali la chemsha bongo: vita vipi vilikuwa vifupi kuliko vyote duniani? Vita vya Unguja, dakika 38! Wanacheka, wanaingia swali la pili. Wallahi linaniuma hilo. Wanafunzi wako watakuwa wameshalisikia, na ndiyo sababu nakuomba uwasimamishe pale uwaeleze waliokuwamo ndani walikuwa nani.

Jumba la kwanza kwenye ufuo ule lilikuwa Beit al-Sahel, lililojengwa na sultani Seyyid Said bin Sultan miaka ile alipokuwa akihamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Kisha ikawapo Beit al-Hukm, makao ya wanawake wa jumbani, na mwaka 1883 mwanawe Seyyid Barghash akainua Beit al-Ajaib. Majumba hayo yaliunganishwa kwa vivuko vya mbao vilivyofunikwa, juu kwa juu, wanawake wapite bila kuonekana na walio njiani. Binti wa Seyyid Said, Sayyida Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani akahamia Hamburg, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Ameeleza jinsi Beit al-Sahel ilivyokuwa na watu kama siafu, wakipanda na kushuka ngazi kutwa, na roshani ndefu zilizouzunguka ua. Mbele ya baba yao haikuruhusiwa lugha ila Kiarabu. Akigeuza mgongo tu, jumba zima lilivuma Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi, na Kiswahili chetu. Nikilifikiria jumba lile nalisikia kabla ya kuliona.

Waambie pia, usiwafiche, kwamba fahari ile ilibebwa na watumwa. Karafuu za mashambani zilichumwa na watumwa, na jumbani nako maji yalitekwa na chakula kilipikwa na watumwa. Hao nao walikuwamo ndani siku ya mizinga.

Sultani wa wakati huo, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyohiyo Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza sultani. Alishawahi kujaribu mwaka 1893, akaonywa, akarudi nyuma. Mara hii hakurudi. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishika kwamba hapana sultani atakayekaa bila wao kuridhia. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera yake na kutoka. Bandarini zilikuwa zimetia nanga manowari tano, chini ya amiri wao Harry Rawson, mizinga imeelekezwa jumbani.

Ndani walikuwamo watu karibu 2,800. Wengi wao walikuwa raia wa kawaida waliochukua silaha, pamoja na walinzi wa jumba na mamia kadhaa ya watumishi na watumwa. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza.

Sasa unakumbuka dari la ukumbi wetu hapa nyumbani, lile ulilokuwa ukilitazama umelala chali tukisubiri joto lipungue? Boriti za mikoko zimelazwa moja kando ya nyingine, na juu yake yakamwagwa mawe na chokaa, yakashindiliwa. Ndiyo maana vyumba vya kwetu ni virefu tena vyembamba, kwani upana wake hauwezi kupita urefu wa boriti, mita 3 au chini ya hapo. Ufundi huo ndio uliokuwa Unguja pia. Ni ufundi mzuri, unaleta ubaridi, na nyumba hukaa miaka na miaka. Lakini boriti zikishika moto, sakafu yote ile ya mawe huja chini na uzito wake. Majumba ya ufuoni yalikuwa na mbao nyingi kupita hizi zetu: roshani, ngazi, vivuko, milango. Hayakujengwa kwa vita. Beit al-Ajaib, iliyokuwa ya nguzo na mihimili ya chuma, ilisalimika ikiwa na madhara kidogo. Beit al-Hukm ikawaka.

Wanaume kwa wanawake wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa kwa upande wa Unguja, na wengi wa waliokufa walikufa kwa moto wa jumba. Kwa upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ukishawapa wanafunzi hesabu hizo mbili, nyamaza kidogo, wazipime wenyewe. Meli ya kifalme, Glasgow, nayo ilizama palepale bandarini, na milingoti yake iliendelea kuchomoza majini mpaka ilipokatwakatwa mwaka 1912. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alikua akiiona kila siku.

Mchana wa siku ileile Hamoud akatawazwa. Mabaki ya Beit al-Hukm yakaondolewa, pakafanywa bustani. Mnara wa saa uliokuwa mbele ya majumba ulikuwa umebomolewa na mizinga, ndipo Beit al-Ajaib ikaongezewa mnara wake kwenye uso wa jumba. Mwaka uliofuata, 1897, Hamoud akatia sahihi amri ya kuuondolea utumwa uhalali wa kisheria. Kwetu huku pwani ya Kenya ilikawia mpaka 1907.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, nao Waingereza wakaweka askari nje wamkamate pindi akikanyaga ardhi ya Unguja. Wajerumani wakangoja maji yajae. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ya manowari yao Seeadler ikaja mpaka hapo hapo, Khalid akaingia ndani yake bila kukanyaga nje, akapelekwa Dar es Salaam. Sisi tuliolelewa tukihesabu maji kujaa na kupwa tunaielewa hesabu ile kuliko wanaoisoma vitabuni tu.

Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakati wa vita vikuu. Wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli, mwisho wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, naye akafariki hapa Mombasa mwaka 1927. Hapa kwetu, somo! Wakati huo bendera nyekundu ya sultani wa Unguja ilikuwa ikipepea juu ya Ngomeni, yaani Fort Jesus, kwa kuwa pwani yetu ilihesabiwa milki yake mpaka Desemba 1963. Aliishia chini ya bendera aliyoitaka, ikiwa mkononi mwa mwingine. Vijana wetu wanajua Mreno gani alijenga nini Fort Jesus, lakini hili hawalijui, nami sioni kwa nini lisifundishwe madarasani mwetu.

Mkiyakuta makumbusho yako wazi, ndani kuna chumba cha Sayyida Salme, usiwapitishe mbio. Na ubavuni mwa jumba kuna makaburi ya ukoo wa kifalme, Seyyid Said mwenyewe yumo. Mtoni nako, kwenye jumba jingine la Seyyid Said, nendeni, ingawa pamebaki magofu. Marhubi, jumba jingine la Barghash lililoungua mwaka 1899, mkipata muda.

Mkirudi kwa njia ya Tanga na Lunga Lunga, lazima mpite hapa. Niambie mapema ni wangapi na mtafika siku gani, nipike biriani la kuwatosha, kisha alasiri niwachukue wote Ngomeni. Na yule mwanafunzi wako uliyesema hachoki kuuliza, mweke karibu nami.

Wasalaam,
Somo yako