Usilipige msasa gobore la mjomba wako

Nyangao, Lindi

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mikorosho imeanza kutoa maua, na arobaini ya mjomba wako tumeimaliza salama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza gobore lina thamani gani, na unataka fundi wa samani alipige msasa na vanishi ili ulitundike sebuleni kwako. Subiri kwanza. Kwetu Wamwera urithi wa mjomba humwendea mpwa, na kikao cha ukoo kimekutaja wewe, kwa hiyo haya ninayoyaandika yanakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na kosa langu. Siku tulipolishusha darini lilikuwa limeviringishwa kwenye mkeka, limejaa kutu na masizi. Nikaona vibaya waombolezaji walikute vile. Nikaketi barazani, nikalilaza mapajani, nikachukua kipande cha msasa nikaanza kuusugua mtutu pale karibu na mtambo wa kufyatulia. Dakika tano hazikufika. Chini ya kutu pakatokeza kiumbo kama yai lililosimama: ndani yake herufi E, chini yake L na G, na chini kabisa nyota ndogo. Nikaacha hapo hapo. Nikaweka karatasi juu yake nikapitisha penseli, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la tatu kunakili sura ya sarafu.

Alama hiyo ni ya nyumba ya majaribio ya bunduki ya mji wa Liège, Ubelgiji. Mtutu ulishindiliwa baruti nyingi kuliko kawaida ukafyatuliwa. Usipopasuka, uligongwa chapa hiyo. Kuanzia 1893 wakaongeza taji juu ya yai. Yai lisilo na taji ni la kabla ya mwaka huo, lenye taji ni la baadaye. Na juu ya yai, mwanangu, ndipo msasa wangu ulipoanzia. Pamebaki pang'avu kama kijiko. Kama palikuwa na taji, nimelifuta mimi. Kama halikuwapo, sina tena cha kumwonyesha mtu. Kutu ingeweza kuondolewa polepole wakati wowote, lakini chuma kilichokwisha kuliwa na msasa hakirudi.

Unajua mjomba wako alivyokuwa akisimulia: gobore ni la Mjerumani, lililookotwa Mahiwa baada ya mapigano ya tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Nimekua nikiamini hivyo, na Mahiwa ni hapa jirani. Lakini askari wengi wa Mjerumani walianza vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za milimita 11, zinazopakiwa risasi kwa nyuma na kufungwa kwa komeo. Hili letu linashindiliwa mdomoni, ndani ya mtutu ni laini bila mifuo ya kuizungusha risasi, na linawashwa kwa fataki. Ni bunduki ya biashara. Za namna hii zilishushwa pwani yetu kwa wingi wakati wa biashara ya pembe za ndovu, zikapanda bara na misafara kutoka Kilwa na Lindi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana uingizaji wa bunduki za kisasa, magobore yakazidi kuwa ndiyo silaha za watu wa kawaida, na hayo hayo yakashikwa tena na wapiganaji wa Majimaji mwaka 1905. Huenda mzee wetu aliliokota kweli Mahiwa, sitalikana neno la marehemu. Ila halikutoka katika ghala la Mjerumani, na wewe usimwambie mnunuzi kuwa lilitoka huko.

Nimekuambia nililaza gobore mapajani. Mdomo wake ulikuwa umeelekea mlangoni, na wajukuu wanapita wakienda kuchota maji. Jirani yetu, yule mzee aliyekuwa akiwinda na mjomba wako, akaja, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umelipima?" Akauchomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akautelemsha taratibu ndani ya mtutu, akaweka alama kwa kucha pale ulipotokeza mdomoni. Kisha akautoa akaulaza kwa nje. Ncha ikaishia vidole vinne kabla ya kufika kwenye chuchu, pale fataki inapovishwa. Vidole vinne! Gobore lilikuwa na mzigo, sijui tangu mwaka gani, na baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki. Akatufukuza wote barazani. Akamimina maji mdomoni, akaliacha limeloa hadi kesho yake, ndipo akavuta kitambaa kilichooza, goroli saba na tope jeusi. Mikono yangu ilitetemeka hadi jioni. Mtu yeyote akikukabidhi silaha ya zamani, usiiguse mpaka anayeijua ahakikishe ni tupu, na mdomo wake usielekee mtu hata mara moja. Wala asikushawishi mtu kulijaribu kwa baruti. Mtutu uliokula kutu kwa ndani hupasukia usoni.

Sasa hiyo thamani. Kwa fedha, usitegemee kujenga nyumba. Bunduki za biashara za Liège zilitengenezwa nyingi mno. Anayezijua huangalia chapa, huangalia kama mtambo ni wake wa asili, na huangalia kama kuna aliyeng'arisha. Kilichong'arishwa hushuka bei. Mimi thamani yake naiona kwenye shingo ya kitako. Hapo mti uliwahi kuvunjika, na mtu wa huku huku akauvika ngozi ya kenge ikiwa mbichi, akaishona, akaiacha ikaukie hapo. Imekaza kama chuma. Mishono ni kumi na moja, nimeihesabu, na wa saba umerudiwa mara mbili. Fundi wako wa samani angeibandua ngozi hiyo kabla hajafanya lolote. Kwa hiyo nimelifuta kwa kitambaa kikavu, nikapaka oili ya cherehani kidogo sana kwenye chuma, na mti nikaupitishia brashi laini tu. Matengenezo yote ni hayo. Tena nyumba yako ya Shangani imetazamana na bahari. Chumvi ya hewa ile ingelila zaidi kwa mwaka mmoja kuliko dari ya mjomba wako ilivyolila miaka yote.

Halafu kuna sheria. Mjomba wako alikuwa na kibali, lakini kibali ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na bunduki, na gobore ni silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ilinipasa kutoa taarifa kabla ya kushika msasa. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, tukalipeleka pamoja polisi, likapokelewa na nikaandikiwa hati. Wameniambia uje mwenyewe na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na kitambulisho chako, ndipo uombe umiliki kwa jina lako. Kama hutaki mzunguko huo, waulize utaratibu wa kulikabidhi Makumbusho ya Majimaji, Songea. Mimi moyo wangu uko huko, pamoja na ngozi yake ya kenge na maelezo yake ya kweli, lakini mrithi ni wewe na uamuzi ni wako.

Ile karatasi ya penseli nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itazame juu ya yai kwa kioo cha kukuza, mchana, karibu na dirisha. Macho yangu hayaoni kitu pale. Ukiona hata ncha moja ya taji, nipigie saa hiyo hiyo.

Mama yako