Yah: Kebo ya kuunganisha kompyuta mbili isiyolingana na maelezo yake, na kukataliwa kurejeshewa pesa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Ninakuandikia kuhusu kebo mbili nilizozipokea kutoka kampuni yenu, ya kwanza kwa kuinunua na ya pili mliponiletea badala ya ile ya kwanza. Zote mbili zilikuwa na lebo inayosema kwamba ni kebo za nali-modemu, yaani za kuunganishia kompyuta mbili kupitia poti zao za siriali (matundu ya kupitishia data biti moja baada ya nyingine) bila modemu, kifaa cha kuunganishia kompyuta na laini ya simu, katikati, na hakuna hata moja iliyofanya kazi hiyo kama mlivyoahidi. Nimeona nikuandikie wewe moja kwa moja kwa kuwa wasaidizi wako wameyafunga malalamiko yangu kwa sababu moja tu, kwamba kebo ilifunguliwa, ilhali wao wenyewe ndio waliosababisha ifunguliwe, kama nitakavyoeleza.

Nina kompyuta mbili za zamani zinazotumia DOS, mfumo endeshi wa zamani, na zote hazina kadi ya mtandao. Mimi na mdogo wangu tulitaka kushindana katika michezo ya mbio za magari, kila mmoja akiwa mbele ya skrini yake, na miongoni mwa michezo tuliyo nayo ni The Need for Speed ya mwaka 1995, ambayo inaruhusu wachezaji wawili kuunganisha mashine zao kwa kebo ya siriali. Kinachohitajika ni kebo moja tu, iliyofungwa nyaya zake ipasavyo.

Kebo ya kwanza ilipofika niliichomeka, nikachagua mchezo wa watu wawili katika kompyuta zote mbili, na kila moja ikabaki inamsubiri mwenzake. Sikuilaumu kebo papo hapo. Kipanya cha kompyuta moja kilikuwa kwenye COM1 (jina la poti ya siriali ya kwanza; ya pili huitwa COM2), kwa hiyo nilikihamishia COM2 ili poti hizo mbili zisigombanie anwani wala namba ya IRQ (namba ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa), kisha nikahakikisha kwamba mchezo umeelekezwa COM1 pande zote mbili, anwani 3F8 na IRQ 4. Baada ya hapo nilizipima poti zenyewe kwa njia ambayo fundi yeyote wa kompyuta za zamani anaifahamu: niliunganisha pini ya 2 na ya 3 ya poti kwa kipande cha waya, nikafungua programu ya mawasiliano, nikaandika herufi kwenye kibodi. Herufi zilirudi kwenye skrini kama nilivyoziandika, katika kompyuta ya kwanza na katika ya pili. Poti zilikuwa nzima.

Ndipo nilipochukua multimita, kipimo cha umeme, na kuipima kebo, pini kwa pini. Katika poti ya siriali ya pini 9, kompyuta hutuma kwa pini ya 3 na kupokea kwa pini ya 2, na pini ya 5 ni ya athi, yaani waya wa ardhi. Kwa kuwa kompyuta zote mbili zimepangwa hivyo hivyo, waya unaotoka pini ya 3 upande mmoja lazima uishie pini ya 2 upande wa pili, na wa pini ya 2 uishie ya 3. Kebo yenu ilikwenda moja kwa moja, 2 kwa 2 na 3 kwa 3, kama kebo ya kawaida ya kuunganishia kompyuta na modemu. Kompyuta zangu zilikuwa kama watu wawili waliowekeana midomo kwa midomo na masikio kwa masikio: wote wanasema, hakuna anayesikia. Hiyo si kebo ya nali-modemu, hata ibandikwe lebo ngapi.

Nilieleza yote hayo kwa maandishi. Jibu la kwanza la msaidizi wako lilinitaka nitafute draiva mpya ya kebo, yaani programu ya kukiendesha kifaa. Kebo ya siriali ni nyaya na plagi mbili, haina draiva, na michezo ya DOS kwa kawaida huongea na chipu ya poti yenyewe bila kupitia kitu kingine. Jibu la pili lilisema kwamba kompyuta za umri huo hazikuundwa kwa ajili ya michezo ya watu wengi, na likanishauri ninunue mpya zenye intaneti. Sikupenda jibu hili, na si kweli. Mwaka 1989 waliokuwa na Amiga au Atari ST, kompyuta za nyumbani za wakati huo, walicheza mchezo wa mbio za magari wa Stunt Car Racer wakiwa wawili, mashine mbili zikiwa zimeunganishwa kwa kebo ya aina hii hii ambayo ninyi mnaiuza leo. Tena, msaidizi aliyetakiwa kujibu kuhusu kebo hakuwa na sababu ya kunichagulia kompyuta.

Hatimaye mlikubali kuniletea kebo nyingine, na kwa hilo ninashukuru. Kebo ya pili ilikuwa imepishanisha pini ya 2 na ya 3 sawasawa, na ya 5 ilifika. Lakini hapo ndipo ilipoishia: pini za 4, 6, 7 na 8 hazikuwa na waya wowote. Maelezo ya bidhaa yenu yanasema kwa uwazi kwamba nyaya zote za kupeana ishara zimeunganishwa. Kama maelezo hayo yangekuwa kweli, pini ya 7 ya upande mmoja ingefika pini ya 8 ya upande wa pili, na ya 4 ingefika ya 6, kwenda na kurudi. Kwa nyaya hizo kompyuta moja huiambia nyingine kwamba ipo na kwamba iko tayari kupokea. Kebo ya nyaya tatu inatosha kwa programu isiyojali ishara hizo, na kweli, katika programu ya mawasiliano niliyoizima upeanaji ishara herufi zilipita vizuri. Mchezo unaosubiri ishara kabla ya kutuma utasubiri milele, na mmoja wa michezo yetu ulifanya hivyo hasa.

Mchezo mwingine haukusubiri. Ulianza, magari yakatoka, na kwa mizunguko miwili tulidhani shida imekwisha. Kisha mdogo wangu akashangilia kwamba amenipita kwenye kona, wakati kwenye skrini yangu gari lake lilikuwa limegonga ukuta nyuma yangu. Anayeufahamu mchezo wa aina hii anajua maana yake. Michezo mingi ya kuunganisha kompyuta haitumi picha ya mbio nzima. Hutuma tu alichofanya kila mchezaji kwenye usukani, mafuta na breki, na kila kompyuta hupiga hesabu ya mbio peke yake. Baiti moja, yaani kipande cha data cha biti 8, ikipotea njiani, kila skrini huendelea na mbio zake, na hakuna hakimu wa kusema ipi ni ya kweli.

Kwa haki, sidai kwamba kila kosa la namna hiyo linatokana na kebo. Kompyuta yangu moja ina chipu ya siriali ya zamani inayoweza kushika baiti moja tu kwa wakati, tofauti na 16550A ya kompyuta ya pili yenye nafasi ya baiti 16, na kwa hiyo sikuwahi kuilazimisha ifike biti 115,200 kwa sekunde. Niliiweka 9,600, ambazo ni baiti 960 tu kwa sekunde ukihesabu biti ya kuanzia na ya kumalizia, mwendo ambao chipu hiyo inaumudu. Baadaye nilinunua plagi mbili na waya mahali pengine, nikaunga mwenyewe kebo yenye nyaya saba. Kwa kompyuta zile zile, poti zile zile na mwendo ule ule, mchezo uliokuwa ukisubiri ulianza mara moja, na ule mwingine tuliumaliza mizunguko kumi huku skrini zote mbili zikikubaliana nani wa kwanza. (Hakuwa mimi.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii badala ya kuachana na suala lenyewe. Nilipowaarifu kuhusu pini nne zisizo na waya, msaidizi wako alisema vipimo vya multimita havitoshi na akanitaka nimtumie picha inayoonyesha ndani ya plagi. Plagi zenu zina kifuniko kinachoshikwa na skrubu mbili. Nilizifungua, nikapiga picha, nikazifunga tena bila kugusa waya wowote, nikatuma picha. Siku tatu baadaye nikajibiwa kwamba pesa hazirejeshwi kwa bidhaa iliyofunguliwa na mteja. Barua pepe zote mbili, ya kuomba picha na ya kukataa, nimeziambatanisha hapa, pamoja na risiti, picha zenyewe na matokeo ya vipimo vya kila pini. Ukizisoma kwa kufuatana utaona kwamba kosa ninalohukumiwa nalo nililitenda kwa kutii maagizo yenu.

Ninaomba nirejeshewe bei kamili ya kebo pamoja na gharama ya usafirishaji, nami niko tayari kuzirudisha kebo zote mbili kwa gharama yenu. Ninaomba pia mzipime kebo zilizobaki ghalani, kwa sababu mbili nilizopata zilikuwa na lebo moja na zimefungwa nyaya kwa namna mbili tofauti, na mrekebishe maelezo ya bidhaa yaseme ni pini ipi inakwenda wapi. Mstari mmoja wa namna hiyo ungenitosha kujua ninachonunua.

Nitasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipolipata, nitayapeleka malalamiko haya, pamoja na viambatanisho vyake, kwenye chombo kinachoshughulikia haki za walaji.

Wako katika kusubiri jibu,

Mteja wenu
(namba ya oda imo kwenye risiti iliyoambatanishwa)