Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: ule mstari wa "somo limeeleweka kwa asilimia 85"

Kwa Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

YAH: KUPIMA UELEWA WA WANAFUNZI SOMO LIKIWA LINAENDELEA

Fungua andalio la somo, ushuke mpaka chini kwenye tathmini. Mara nyingi utakutana na sentensi ileile: "Somo limeeleweka kwa asilimia 85." Kesho yake 80, keshokutwa 90. Hakuna aliyehesabu. Pengine mstari huo uliandikwa usiku, pamoja na utangulizi, kabla kipindi hakijafundishwa. Hatusemi mwalimu ni mwongo. Fomu inadai asilimia, naye anaipa asilimia. Ombi letu ni kwamba nafasi hiyo idai kitu ambacho mwalimu hawezi kukijua bila kuwauliza watoto.

Tukitaja upimaji endelevu, wengi wanawaza majaribio: ya wiki, ya mwezi, ya ujirani mwema, moku ya wilaya, moku ya mkoa. Hayo tunayo ya kutosha. Shida yake ni kwamba yanafika mada ikiwa imekwisha na darasa liko kwingine. Yanatuambia nani kashindwa, na tukiwa na bahati yanatuambia swali lipi limewashinda wengi, lakini wiki ya kurekebisha imeshapita. Tunachozungumzia hapa ni dakika tatu katikati ya kipindi cha dakika 40, mwalimu akiwa bado ana muda wa kugeuza somo.

Njia iliyozoeleka ni kuuliza "Mmeelewa?" na darasa zima kuitikia "Ndiyo mwalimu!" Ile ni adabu tu, haipimi chochote. Kunyoosha mikono nako kunamwonyesha mwalimu watoto sita au saba wanaojua, walewale wa kila siku, na sabini waliobaki hawaonekani. Hata dole gumba juu au chini halisaidii, kwa sababu linamuuliza mtoto anavyojiona, na hakuna anayetaka kujionyesha mjinga mbele ya wenzake.

Kinachofanya kazi ni swali moja la kuchagua, lililoandaliwa jana yake, ambalo kila jibu lisilo sahihi linatokana na kosa linalojulikana. Chukua kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Mwalimu anaandika ubaoni 1/2 + 1/3, na majibu manne: A ni 2/5, B ni 5/6, C ni 1/6, D ni 2/6. Aliyechagua A amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Wa C amezidisha. Wa D amepata asili ya shirika, yaani 6, ila amesahau kubadilisha viasi. Watoto watatu wamekosa swali moja, na kila mmoja anahitaji msaada wake. Ukiwawekea wote alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, tofauti hiyo inapotea palepale.

Utekelezaji wake ni rahisi, ila una masharti. Watoto wafikiri kimya kwanza, bila kuandika wala kuongea. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri walau sekunde tatu majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujitokeza. Kwa swali la sehemu kama hili, nusu dakika ndiyo haki yake. Kisha mwalimu anahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye tatu wote wanaonyesha vidole kifuani: kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D. Kifuani, si juu ya kichwa, maana mkono ulioinuliwa juu unaonekana na walio nyuma. Wote kwa pamoja, kwa sababu wakipishana hata kidogo, nusu ya darasa inamfuata anayeongoza kwenye mitihani. Viranja wasipewe kazi ya kuhesabu. Wakipita kwenye madawati, watoto hubadilisha vidole.

Darasa la watoto 90 halihesabiki kidole kwa kidole, wala hakuna haja. Mwalimu anapitisha macho safu kwa safu akitafuta jambo moja: je, jibu sahihi ni la karibu wote, la kiasi, au la wachache? Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeanza kufundisha kwa njia hii mwaka 1991, hutumia kipimo hiki: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wajadiliane na jirani, kisha wapige kura tena. Wakizidi hapo, endelea na somo. Wakiwa chini ya hapo, fundisha upya, na kwa njia nyingine. Kurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi si kufundisha upya.

Tuseme wengi wameonyesha kidole kimoja, yaani A. Mwalimu asikimbilie kanuni. Aulize: "2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu?" Ni ndogo. Sasa imekuwaje tulikuwa na nusu, tukaongeza kitu, tukapata pungufu ya nusu? Hapo darasa linanyamaza vizuri. Kisha achore mstatili wenye vyumba sita, safu mbili za vyumba vitatu. Nusu ni vyumba 3, theluthi ni vyumba 2, jumla vyumba 5 kati ya 6. Dakika nne zimetosha, na hata wa D wameliona kosa lao.

Yapo yanayoharibu. Swali la kukumbuka tu ("asili ni namba ya juu au ya chini?") litapatwa na wote na halitafichua lolote. Jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, watoto watalichagua kwa urefu wake. Na wapo walimu wanaouliza "una uhakika?" pale tu mtoto anapokosea, watoto huligundua hilo ndani ya wiki moja.

Ndugu Kamishna, maombi yetu ni haya. Kwenye andalio la somo, asilimia iondolewe, na mahali pake pawe na mistari miwili: kosa lililojitokeza zaidi leo, na nitakalofanya kesho kwa sababu hiyo. Mthibiti ubora akija, asiishie kugonga mhuri kwenye maandalio. Asome mistari hiyo ya jana, kisha aangalie kama utangulizi wa leo unaigusa. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni vitumike kuandika maswali ya aina hii, matatu kwa kikao, kwa sababu kutunga jibu lisilo sahihi lenye maana ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na mwalimu mmoja peke yake huishiwa haraka.

Ombi la mwisho tunaliwekea mkazo: matokeo ya vidole yasiwe alama. Yasiingizwe kwenye rejesta wala yasipande kwenda wilayani. Tangu Azimio la Musoma la 1974, tamko la chama cha TANU kuhusu elimu, nchi hii ina uzoefu mrefu wa kuhesabu kazi za shuleni ndani ya matokeo ya mwisho, na kila mwalimu anajua alama inayokwenda juu hupanda kabla haijaondoka shuleni. Siku vidole vitakapotakiwa kwenye jedwali, watoto watafundishwa kuonyesha viwili.

Tunapendekeza kuanza na hisabati ya darasa la tano, muhula mmoja, katika halmashauri chache ambazo Ofisi yako itaziteua.

Wako katika kazi,
Walimu na wakufunzi wa hisabati, shule za msingi