Hakimu naye ahamehame

Kwa Mhariri,

Naona wasomaji wako wanabishana kama gavana wa Marsabit ametujengea korti ama hajatujengea, mpaka nikacheka. Jamani korti si kazi ya gavana. Tangu ugatuzi uanze 2013 gavana ana zahanati, chekechea, masoko, chanjo ya mifugo na barabara ndogo ndogo, mahakama ilibaki serikali kuu chini ya Jaji Mkuu, kwa hivyo MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, akisimama kwa mkutano aseme atatuletea korti hapa kwetu North Horr huyo anatuchezea tu, hata angetaka hana hiyo bajeti.

Sasa shida yenyewe. Majengo ya korti yako Marsabit mjini na Moyale, na yote yako kwa hii barabara ya lami inayotoka Isiolo kwenda Ethiopia. Sisi wa huku kwa jangwa la Chalbi tuko upande ule mwingine kabisa. Watu wa Nairobi hawaelewi ukubwa wa hii kaunti, ni karibu kilomita mraba 71,000, yaani chukua Rwanda na Burundi uziweke ndani na bado ngamia watapata mahali pa kulisha. Na kwa sensa ya 2019 hatukufika hata watu nusu milioni.

Mjomba wangu anadai mtu pesa ya mbuzi 12. Wazee waliketi, wakasema lipa, yule mtu akakataa, basi mjomba akaenda korti. Siku ya kesi mwezi wa Aprili alipanda juu ya lori na magunia ya mkaa, na Chalbi ukiiona kavu ni chumvi nyeupe ngumu unaweza kuendesha hata macho umefunga, lakini mvua ikigusa tu inakuwa uji. Lori ilizama hapo kabla ya Kalacha, wakalala usiku mbili, akafika mjini kesi imeshaahirishwa na nauli imekula mbuzi wawili. Simlaumu hakimu, yeye angejuaje? Unadai mbuzi 12 na umeshauza wawili kabla hujasema neno.

Na usifikiri ni wa mbuzi tu. Ile kesi ya mradi wa umeme wa upepo, ekari 150,000 kule upande wa Loiyangalani, wananchi waliipeleka 2014 na uamuzi ukatoka Oktoba 2021, majaji wakasema hati za hiyo ardhi hazikupatikana kwa njia halali. Walisomea wapi huo uamuzi? Meru! Ardhi iko hapa, wafugaji wako hapa, minara 365 inazunguka hapa, korti iko kaunti ingine.

Watatuambia siku hizi kuna kesi za video. Sawa, lakini netwaki yetu inaenda na kurudi kama mbuzi jike anayetafuta mtoto, na mzee hajawahi kushika simu ya kubonyeza kioo.

Mimi siombi jengo la ghorofa na bendera. Naomba hakimu aje na faili zake, karani na mkalimani wa Kigabra, aketi North Horr siku tatu kila baada ya miezi miwili, tarehe ijulikane mapema itangazwe redioni na msikitini na kanisani. Katiba kifungu cha 6 inasema huduma za serikali kuu zifike kila pembe ya nchi, na kifungu cha 159 inataka korti zikubali usuluhishi wa wazee, basi hakimu akija atawapata wazee hapo hapo chini ya mti, nusu ya kazi wameshafanya. Sisi tunahamahama na mifugo miaka yote, na yeye ahame siku tatu.

Kesi ya mjomba wameipa tarehe mpya. Ni Novemba, na Novemba huku ndio mvua.

Mkaaji wa North Horr