Mtemi wa mwisho wa Coburg na Gotha

Kwako sahibu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na watu wa nyumbani. Umeniuliza kwa nini namshughulikia mno Carl Eduard, mtemi wa mwisho wa Saxe-Coburg na Gotha, nchi mbili ndogo za Ujerumani zilizokuwa chini ya mtemi mmoja, ilhali mwaka 1918 wafalme na watemi wote wa Ujerumani walianguka. Wengine walikataliwa na raia wao, lakini huyu alikuwa amekwisha kukataliwa na jamaa zake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1884, mjukuu wa Malkia Victoria, na baba yake alifariki miezi michache kabla ya kumwona. Alikuwa na umri wa miaka 16 tu alipofariki ami yake, naye akarithi utemi katika nchi ngeni kwake, msimamizi akitawala kwa niaba yake hadi mwaka 1905. Vita vilipozuka mwaka 1914 alisimama upande wa Ujerumani. Ndege zilizoundwa mjini Gotha zilipoishambulia London mwaka 1917, jina la utemi wake likawa chukizo kwa Waingereza, na mwaka huohuo binamu yake, Mfalme George V, akaliacha jina la ukoo la Saxe-Coburg na Gotha, akachukua la Windsor. Mwaka 1919 Carl Eduard alivuliwa vyeo vyake vyote vya Uingereza.

Kuanguka kwenyewe kulikwenda kwa namna mbili, na hapo ndipo ninapopaangalia zaidi. Gotha ulikuwa mji wa viwanda wenye wasoshalisti wengi, na tarehe 9 Novemba 1918, siku ileile Kaisari wa Ujerumani alipoangushwa, baraza la wafanyakazi na askari lilitangaza kwamba mtemi ameondolewa. Coburg, iliyokuwa tulivu na yenye kumheshimu, haikumfukuza mtu. Tarehe 14 Novemba waziri wake alitangaza kwamba mtemi amekoma kutawala katika nchi zote mbili. (Kwetu Afrika Mashariki, askari wa jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck walikuwa bado na bunduki mikononi, hawakuzisalimisha hadi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia.)

Nchi hizo mbili zilizounganishwa na mtu mmoja zikaachana mara tu alipoondoka. Gotha iliingia jimbo la Thuringia na kutwaa mali za mtemi kwa sheria, ambayo mahakama kuu iliibatilisha mwaka 1925. Wakazi wa Coburg walipiga kura mwezi Novemba 1919, wengi wao wakaikataa Thuringia, na tarehe 1 Julai 1920 wakajiunga na jimbo la Bavaria. Huko Coburg mtemi alipatana nao, akalipwa fidia na kuendelea kuishi katika makasri yake.

Kwa hiyo namhurumia yule mtoto aliyepelekwa ugenini, lakini huruma hiyo siwezi kuiendeleza kwa mtu mzima. Hakufukarika wala hakukosa pa kukaa, na bado alijiunga na chama cha Hitler, akakubali kuwa rais wa Msalaba Mwekundu wa Ujerumani tangu mwaka 1933 hadi 1945. Wala hakulazimishwa na mtu.

Alifariki Coburg mwaka 1954. Tafadhali niandikie wewe unamhukumu vipi, maana najua huwa hukubaliani nami kirahisi.

Wako katika urafiki.